Kifua Kikinyamaza, Pumu Haijaondoka



Mwenye kufundisha tajwidi, kwa sehemu kubwa, hufundisha pumzi. Humwonyesha mwanafunzi mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kusimama kwa ruhusa, na mahali ambapo kusimama huiharibu maana. Kazi hiyo tumeifanya kwa miaka mingi. Kwa hiyo ni jambo la kutuonea haya kukiri mbele ya wasomaji wetu kwamba mtoto aliketi mbele yetu kwa miezi akiwa na upungufu wa pumzi, nasi tukamhesabu kuwa na upungufu wa bidii. Tumeona heri kuliandika kosa letu kuliko kulificha, kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi zinazosoma kijarida hiki zinalifanya kosa hilo hilo bila ya kujua.

Chuo chetu kipo Gakoromone, katika mji wa Meru, si mbali na soko. Kwa ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu ambao hawajafika huku, tuseme kwamba mji huu umekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, upande wa kaskazini mashariki. Tangu Juni hadi Agosti asubuhi zake huwa na baridi na ukungu, na aliyezaliwa pwani hujuta kuacha koti. Sokoni hushushwa ndizi, viazi na magunia ya nafaka, na gunia likipigwa chini, vumbi lake hupanda. Majumbani wengi hupika kwa kuni na makaa, na kwa sababu ya baridi madirisha hufungwa mapema.

Binti tunayemzungumzia alikuwa na miaka tisa. Mama yake, aliyekuja huku kwa ndoa kutoka pwani kama tulivyokuja sisi kwa kazi, anauza maharagwe na mahindi sokoni, na mtoto akitoka shule hukaa naye kibandani mpaka wakati wa chuo. Alikuwa na sauti nzuri na hifadhi nyepesi. Lakini kila aya ndefu ilimshinda. Alikuwa akisimama katikati ya neno, akikohoa kikohozi kikavu, kisha akiendelea kwa sauti ndogo. Tulimwambia, na maneno yetu tunayakumbuka: "Binti yangu, wenzako wote wana pumzi, wewe peke yako ndiye huna?" Watoto wakacheka. Yeye akainamisha kichwa wala hakujibu.

Mama yake alipotujia na kutuambia kuwa mtoto halali usiku kwa kukohoa, tulimsomea Qur'ani, na hilo hatulijutii. Tulimpa habasoda na asali. Kisha tukampa ubani wa kutosha siku saba, tukamwagiza amfukize mtoto kila usiku kabla ya kulala, amfunike shuka ili moshi usipotee. Mama akashukuru, akaufuata wasia wetu kama tulivyoutoa. Nia ilikuwa njema, na dawa ilikuwa kinyume.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Julai, baada ya Alasiri. Watoto walikuja mbio kutoka sokoni katika baridi. Ndani tulikuwa tumekwisha kuwasha chetezo, kama ilivyo ada yetu usiku wa kuamkia Ijumaa. Haukupita muda, binti yule akaacha kusoma. Aliketi ameinama mbele, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka, na shimo la chini ya koo likibonyea kila alipovuta pumzi. Tulipomwuliza ana nini, alitaka kusema sentensi, ikatoka nusu ya neno: "Maa..." Kina mama wawili waliokuwa nje wakaingia, na mmoja wao, kwa huruma, akakisogeza chetezo karibu na uso wake.

Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mwanafunzi wetu mkubwa mwenye ndugu mwenye pumu. Alisimama akasema kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake: "Maalim, moshi! Mtoeni nje!" Tukambeba, tukapanda naye bodaboda hadi hospitali, midomo yake ikianza kugeuka rangi. Alivalishwa barakoa ya mashine ya mvuke, akapewa oksijeni, na kabla ya Isha akaweza kumwita mama yake kwa jina kamili la "mama".

Daktari, dada wa makamo, aliinama kumsikiliza mtoto kifua, kisha akainusa shuka aliyofunikwa. Akatuuliza, "Sheikh, nani amemfukiza mtoto huyu?" Tulinyamaza kidogo. Mama alikuwa anatutazama, naye hakusema neno la kutusaliti. Tukajibu, "Ni sisi tulioagiza." Daktari hakutukemea. Alivuta kiti, akachukua karatasi, akatuchorea. Haya yanayofuata tuliyapata siku ile na katika ziara zilizofuata, na mengine tumeyasoma baadaye kwa kuwa mwalimu aliyekosea hana budi kurudi kuwa mwanafunzi.

Bomba la pumzi likishuka kifuani hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu. Kila tawi hugawanyika tena na tena, kama mti uliopinduliwa, mpaka kufikia vijitawi vyembamba mno, na mwisho wake ni vifuko vidogo ambamo damu hupokea hewa safi na kutoa ile iliyotumika. Kuta za matawi hayo zina ngozi laini kwa ndani na misuli myembamba kwa nje. Kwa mtu mwenye pumu, ngozi hiyo ya ndani ina uvimbe wa kudumu, hata siku asiyokuwa na dalili yoyote. Ni kama mlinzi aliyekosa usingizi, anayeshtuka kwa jambo dogo. Kikifika cha kumshtua, mambo matatu hutokea: misuli hujikaza na kuibana mirija, ngozi ya ndani huvimba zaidi, na belghamu nzito humiminika na kuiziba nafasi iliyobaki.

Tulidhani mwenye pumu hushindwa kuvuta pumzi. Daktari akatueleza kuwa mara nyingi tabu kubwa zaidi ni kuitoa. Mirija hupungua upana wakati wa kutoa hewa, na ikiwa tayari imebanwa, hewa hunaswa ndani. Kifua hujaa, na hakuna nafasi ya kuingiza nyingine. Ile sauti kama ya mluzi ni hewa inayopenya katika njia nyembamba. Nasi tujihadhari na jambo moja: mgonjwa aliyekuwa na mluzi, kisha mluzi ukanyamaza huku bado anahangaika na amechoka, huyo hajapona. Huenda hewa imepungua hata haitoi sauti. Hapo pana hatari ya kifo.

Pumu si ya namna moja. Ile ya watoto wengi hutokana na mzio, yaani mwili kukipiga vita kitu kisichokuwa adui, kama vumbi au manyoya ya mnyama. Aghalabu mtoto huyo ana ukurutu wa ngozi au mafua ya kupiga chafya, au mmoja wa wazazi wake anayo hayo. Ipo pumu isiyotokana na mzio, ambayo huwapata zaidi watu wazima, na wanawake wengi huianza wakiwa wamekwisha kulea watoto. Hawaifikirii, husema ni uzee au unene. Ipo inayochochewa na mbio na mazoezi, hasa katika hewa ya baridi. Ipo ya kazini: vumbi la nafaka na unga, dawa za nywele za saluni, na dawa kali za kusafishia. Na ipo ambayo haina mluzi wala kubanwa kwa dhahiri, ila kikohozi kikavu tu, cha usiku na alfajiri. Hii ya mwisho ndiyo hupotea katika chupa nyingi za dawa ya kikohozi bila ya kutambuliwa. Binti yetu alikuwa na ya mzio, na mbio na baridi ziliizidisha.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa shule wa hapa Kenya, wa Nairobi na wa vijijini Murang'a, waliokimbizwa kisha wakapimwa pumzi. Wa mjini, zaidi ya mmoja katika kila watano alionekana kifua kimebana baada ya mbio. Wa kijijini, takriban mmoja katika kila wanane. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini kama zetu, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa hazifiki. Ugonjwa ni wa matajiri na masikini. Kifo chake, zaidi, ni cha masikini.

Sasa tuingie majumbani, kwa kuwa huko ndiko kwenye kazi ya mama zetu na dada zetu. Daktari alimwuliza mama maswali mengi, na kila swali lilikuwa taa. Mtoto analala wapi? Katika godoro kuukuu pamoja na wadogo zake. Ndani ya magodoro, mito na mazulia huishi utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu. Utitiri hupenda unyevu. Basi nyinyi wa pwani msijione mmesalimika kwa kukosa baridi yetu, kwani joto lenu la unyevunyevu ndilo linalouzalisha, na ndilo linalootesha ukungu kwenye kuta. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto, godoro lianikwe juani, na zulia lisilo na lazima liondoke chumbani kwa mtoto. Mende nao vinyesi na mabaki yao huchochea pumu. Paka, mnyama tunayempenda na aliye tohara, si vibaya kuwa naye. Lakini kama kifua cha mtoto humbana kila akiwa naye, paka asilale chumba kimoja naye.

Kisha moshi. Sigara ya baba, hata akivuta barazani, harufu na chembe zake huingia katika nguo zake. Moshi wa kuni na makaa, dawa za mbu za kuwasha, na manukato makali ya kupuliza. Na udi na ubani. Hapa tunajua tunagusa jambo lililo karibu na mioyo ya watu wetu. Harusi bila udi si harusi, na mzazi hufukizwa, na nguo za Ijumaa hufukizwa. Hatusemi kuwa ni haramu. Tunasema kwamba moshi, uwe wa mti wa thamani au wa taka, ukifika kwenye mirija iliyovimba ni moshi. Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu au saumu mbichi asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi wengine kwa harufu. Ikiwa harufu ya mdomo imepewa uzito huo, vipi moshi unaomzuia mtoto pumzi? Na kanuni ya fiqhi inayokataza mtu kudhuru au kudhuriwa tumeisomesha mara ngapi, huku chetezo kikifuka pembeni yetu!

Vichochezi vingine haviepukiki: mafua ya kawaida, ambayo ndiyo huanzisha mashambulizi mengi kwa watoto, hali ya hewa kugeuka, kulia kwa uchungu au kucheka kupita kiasi. Na wapo wachache ambao dawa za maumivu kama aspirini huwabana kifua. Kwa sababu vyote haviwezi kuzuiwa, dawa inahitajika, na hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo.

Daktari aliandika vichupa viwili vya kuvuta, ambavyo watu huviita inhela. Kimoja, aghalabu cha buluu, ni salbutamoli. Huilegeza misuli iliyojikaza, na nafuu huonekana kwa dakika chache. Cha pili, aghalabu cha rangi ya kahawia, kilikuwa beklometasoni, dawa ya jamii ya steroidi kwa kipimo kidogo. Hiki hakileti nafuu ya papo kwa papo. Kazi yake ni kuutuliza ule uvimbe wa ndani, pole pole, kwa siku na wiki, na hutumiwa asubuhi na jioni, mtoto awe na dalili au asiwe nazo.

Wiki tatu binti akalala usingizi. Akasoma aya ndefu bila kikohozi. Mama, akiona mwanawe mzima, akakiweka kichupa cha kahawia kabatini, kwa hoja zilizokuwa na maana kwake: dawa ni pesa, na majirani walimwambia kuwa mtoto atazoea, kwamba inhela ni dawa ya mwisho na anayeianza haachi mpaka kaburini. Akabaki na kile cha buluu, kwa kuwa hicho aliona kwa macho yake kinafanya kazi. Mwezi wa Septemba mtoto akarudi hospitali usiku.

Daktari alimwambia kwa upole: "Mama, kile cha buluu kinafungua mlango. Lakini moto umo ndani ya nyumba, na wa kuuzima ni huyu wa kahawia." Kisha akasema kuwa kunyamaza kwa kifua ni kazi ya dawa, si kuondoka kwa ugonjwa. Kuhusu mazoea, akaeleza kwamba dawa hizi hazina uraibu. Zinafika mapafuni moja kwa moja, kwa hiyo kipimo chake ni kidogo kuliko cha vidonge. Anayezipunguza ni daktari, baada ya miezi ya utulivu, hatua kwa hatua. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya pumu hauwashauri tena watu wazima na vijana kutumia salbutamoli peke yake bila ya dawa ya kutuliza uvimbe. Anayeona kichupa cha buluu kinamwishia haraka asijisifu kuwa ana dawa nzuri. Ajue pumu yake haijadhibitiwa, arudi kwa daktari.

Dawa ya kuvuta nayo ina adabu yake, na wengi huipulizia ulimini ikaishia hapo. Hutikiswa kwanza, mtu hutoa pumzi, hufunga midomo barabara, hubonyeza huku akivuta taratibu na kwa kina, kisha huizuia pumzi kadiri ya kuhesabu kumi. Mtoto hawezi kulinganisha haya, basi hutumia chombo cha kati kinachokusanya dawa kabla ya kuivuta. Kama hakipatikani, upo wepesi. Madaktari wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 uchunguzi ulioonyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kadiri ya mdomo wa inhela na kuzibwa pasipitishe hewa, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na chombo cha kununua. Mtoto huweka mdomo wake kwenye mdomo wa chupa na kuvuta pumzi zake za kawaida. Muulizeni daktari au muuguzi awaonyeshe namna ya kuitengeneza.

Baada ya dawa ya kahawia, mtu asukutue na kuyatema maji, ili isimletee utando mweupe mdomoni. Tulimfundisha binti yetu aitumie kabla ya kutawadha kwa Alfajiri na kwa Isha; kusukutua kwa udhu kukawa ndiko kusukutua kwa dawa, na tangu hapo hajaisahau.

Tumeulizwa sana kuhusu Ramadhani, na hatuna budi kulijibu. Wanavyuoni wa zama zetu wamehitilafiana. Sheikh Abdulaziz bin Baz na Sheikh Muhammad bin Uthaymin, Mwenyezi Mungu awarehemu, walijibu kuwa dawa ya kuvuta haimfunguzi mwenye pumu, kwa kuwa si chakula wala kinywaji. Wengine, wakiwemo wengi wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani, wanaona kuwa inafunguza, kwa kuwa chembe zake zina kiwiliwili na hupita kooni. Basi aliyeitumia mchana atailipa siku hiyo. Muulize mwanachuoni unayemwamini. Lakini katika jambo moja hawakuhitilafiana: aliyebanwa na kuchelea kudhurika, wajibu wake ni kutumia dawa. Sura ya al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine; anayejiua kwa kuikataa ruhusa ya Mola wake hajafanya ibada. Ama dawa ya kahawia, inayotumiwa mara mbili, huweza kuwekwa wakati wa daku na baada ya kufuturu, bila ya kugusa mchana.

Na kwa mama mjamzito: asiache dawa zake za pumu kwa kuogopea mtoto. Kubanwa pumzi kwa mama ni kubanwa kwa mtoto aliye tumboni, na hatari yake ni kubwa kuliko ya dawa hizi. Aende kliniki na aseme wazi ana pumu.

Tunaposema aseme wazi, tunarudi kwenye jambo lililotuuma kuliko yote. Baadaye mama yule alitufungulia moyo. Alikuwa akijua tangu mtoto ana miaka minne kuwa ni pumu. Bibi yake mzaa mama alikuwa nayo. "Maalim," akasema, "niliogopa chuo kitamkataa. Na ni mtoto wa kike. Likishajulikana, nani atakuja kuposa?" Alipotujia na habari ya kikohozi, alikuwa anataka kusema zaidi, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kumpa ubani kabla hajamaliza. Hatukumsikiliza. Mtu wa dini akiwa mwepesi wa kutoa dawa na mzito wa kusikiliza, huwafunga watu midomo na hali wanadhani wamehudumiwa.

Pumu si aibu wala si laana, na haiambukizi. Mwenye pumu iliyodhibitiwa husoma, hucheza, huolewa na huzaa. Tabibu Musa bin Maymun, aliyefariki mwaka 1204 na kuishi Misri zama za Salahuddin, alimwandikia kitabu kizima cha Kiarabu mtu wa ukoo mtukufu aliyekuwa na maradhi haya, akamhimiza hewa safi na mpango wa chakula na usingizi. Ikiwa wakubwa wa zama zile hawakuona haya kuuliza, sisi twaficha nini?

Basi tumebadilisha machache. Chetezo hakiingii tena chuoni watoto wakiwamo. Zulia kuukuu tumeliondoa, tumetandika mikeka inayopanguswa kwa maji. Kichupa cha buluu cha binti kimo katika mkoba wake, si katika kabati ya mwalimu iliyofungwa, na wenzake wakubwa wanajua la kufanya: mgonjwa akae wima, asilazwe, atolewe penye moshi, apewe mipulizo minne kwa chupa, mmoja mmoja, akivuta pumzi nne kwa kila mpulizo, asubiriwe dakika nne, asipopata nafuu, arudiwe huku safari ya hospitali imekwisha kuanza. Na asiyeweza kumaliza sentensi, au midomo ikabadilika rangi, au akalegea na kusinzia, asisubiriwe hata dakika moja. Apewe mipulizo njiani.

Tulimwomba binti radhi mbele ya wale wale waliomcheka. Alitutazama kwa mshangao, kwa kuwa watoto hawajazoea kuombwa radhi, kisha akauliza kama aanze kusoma. Akaanza. Bado husimama mara nyingi kuliko wenzake, nasi tumemwonyesha mahali panaporuhusiwa kusimama, napo ni pengi kuliko tulivyokuwa tukimruhusu.

Ombi letu kwa kila nyumba wiki hii ni dogo. Usiku wa leo, taa zikizimwa, sikilizeni watoto wenu wanavyolala. Anayekohoa usiku baada ya usiku, au anayeacha mchezo kabla ya wenzake na kushika kifua, msimwite mvivu wala msimfukize. Mpelekeni akapimwe. Na ambaye tayari ana kichupa cha kahawia kabatini kwa kuwa siku hizi ni mzima, kitoeni leo hii, mwende mkamwulize daktari kabla ya kifua kuuliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.